Wapangaji wa Kitanda cha Dada

9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo. Kifua kimeachia, na wale majirani wa juu waliokuwa wakiburuta meza kila asubuhi wamehama, kwa hiyo nyumba imetulia kama maktaba. Kazini nako kwema. Tunachapa kitabu cha hesabu, na juzi nikiwa nasoma prufu, zile nakala za kusahihisha kabla ya kuchapa, nilikamata ukurasa ambao saba mara nane ilikuwa hamsini na tano. Msimamizi alinipigia makofi mbele ya mafundi wa mitambo, nikaona haya.

Binti yako ameniandikia. Anasema mjukuu wako ameota jino na sasa anang'ata kila anayembeba. Halafu, mwishoni kabisa, ameongeza kwamba alipokuja kukuona alilala kwenye kochi, maana kitandani kwako hapakuwa na nafasi. Nikamwandikia kumuuliza kulikuwa na mgeni gani. Akajibu: "Mjomba, wageni wanne. Mbwa, paka wawili na kuku." Dada, hilo neno "kuku" nimelirudia nikidhani kalamu imeteleza.

Ni wewe kweli? Wewe uliyekuwa ukinifukuza sebuleni nikiingia na viatu? Unashona nguo za watu, halafu unalala na kuku?

Sasa sikia. Hapa ninapokaa kuna chumba cha pili. Nimezungumza na mwenye nyumba, amekubali uje, ila amesema wazi kwamba hataki mnyama wa aina yoyote, hata samaki. Njoo na cherehani yako. Hao wengine wagawie majirani. Mtu mzima kuishi peke yake na kundi la mifugo kitandani si jambo la kuachwa hivihivi.

Na unijibu jambo moja: kwa nini?

Mdogo wako,
Nukta

Tanbihi: Katika barua yako iliyopita umeandika "nimefuraishwa". Ni "nimefurahishwa".


2 Machi

Nukta mdogo wangu,

Marahaba. Huku sote wazima, na nikisema sote nina maana yangu. Nimefurahishwa (umeiona hiyo h?) kusikia kifua kimepona. Mimi kazi zimenifika shingoni. Shule ya pale mlimani imebadili sare kutoka bluu kwenda kijani, na wazazi wote wamezinduka siku moja. Nyumba imejaa vitambaa mpaka nikitaka kijiko nakitafuta chini ya sketi.

Binti yangu ana mdomo. Lakini kwa kuwa umeshajua, acha nikutambulishe wenzangu. Mbwa anaitwa Meneja, kwa sababu anakagua kila kitu na hafanyi chochote. Analala katikati, kwa mapana. Bi Mkubwa ni paka mzee. Yeye analala kwenye mto, mimi nabaki na kona ya mto. Spana ni paka kijana, mkia wake umepinda kwenye ncha. Huyo halali, anazunguka tu juu yetu kama mlinzi anayetafuta mwizi. Kuku ndiye Karani. Anakaa kwenye ubao wa kichwani, na kukikucha ananidonoa sikio, to, to, kama anagonga muhuri. Usimdharau. Nimemtandikia gazeti na hajawahi kukosea ukurasa.

Hilo swali lako la mwisho sikuliona vizuri. Nadhani wino ulififia.

Habari kubwa ni kwamba kitanda kimevunjika. Jumapili asubui Spana aliona kijiti cha uzi kinabiringika sakafuni, akaruka kutoka juu ya kabati, akatua mgongoni kwa Meneja. Meneja naye akashtuka, akaruka, akatua kitandani kwa uzito wake wote. Ubao wa pembeni ukalia kwaa! Tukateremka sote kwa pamoja, mimi na godoro na kila mtu, Karani akiwa juu yetu amekunjua mabawa kama anayehutubia.

Nikamwita fundi seremala wa nyumba ya tatu, yule mjane mrefu. Akapiga magoti, akatazama.

"Kitanda hiki wanalala watu wangapi?"

"Mimi peke yangu," nikasema.

Akautazama ule ubao, akanitazama mimi, akarudi kwenye ubao. "Mama, mtu mmoja hapasui mbao ngumu namna hii."

Mara Meneja akaingia, akapita katikati yetu, akajilaza kwenye godoro pale chini. Akafuata Bi Mkubwa. Akafuata Spana. Karani akaja wa mwisho, taratibu, kama mwenyekiti aliyekuwa akisubiriwa mkutanoni. Fundi akavua kofia.

"Nimeelewa," akasema. "Nitaongeza mguu wa katikati."

Habari za kuhamia kwako nitazifikiria.

Dada yako


25 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliifungulia kwenye ngazi, nikacheka peke yangu mpaka mama wa chumba cha chini akafungua mlango kuangalia kuna nini. Mimi mzima. Joto limepungua. Habari za kazini zipo.

Hata hivyo kicheko si jibu. Nywele za paka kwenye sare za watoto wa watu, umeliwaza hilo? Je, ukiugua? Huyo kuku ndiye atakayekwenda kukuitia daktari? Chumba bado kipo. Kina dirisha linalotazama barabarani, ungepata mwanga mzuri wa kushonea. Jioni tungekunywa chai pamoja. Nimenunua kikombe cha pili.

Kwa nini umewaruhusu kitandani? Wino huu ni mweusi, umenunuliwa jana.

Nukta


14 Aprili

Nukta mdogo wangu,

Marahaba. Watu wazima, wanyama wazima, mjukuu ameota jino la pili na sasa ana silaha kamili. Kitanda kimesimama vizuri. Fundi hupita kukikagua, anasema mbao mpya huhitaji kutazamwatazamwa.

Sasa nikuulize mimi. Barua yako nimeigeuza mbele na nyuma. Nilikuandikia "asubui" bila h, makusudi kabisa, ili nikuchokoze. Hukusema kitu. Tangu uanze kazi hiyo hujawahi kuniachia kosa hata moja. Tena siku zote huniandikia kwenye vile vipande vya karatasi nzito vinavyobaki kiwandani, na safari hii umetumia karatasi ya dukani yenye mistari. "Habari za kazini zipo." Zipo wapi? Nukta, kuna nini?

Nitakwambia langu, ili uone haya kunificha lako.

Shemeji yako alipofariki nyumba ilijaa watu, halafu siku moja wote wakaondoka, na wewe pia, maana kila mtu ana kwake. Nikabaki na kile kitanda. Upande wake godoro lilikuwa limebonyea, umbo lake lile lile, na kila nikigeuka natumbukia humo. Nikaanza kulala kwenye kiti cha cherehani. Nilikuwa nasinzia huku nimeegemea gurudumu, wateja wakidhani nina bidii.

Siku moja mchana mvua ilinikuta sokoni. Niliporudi nilikuta nimesahau kufunga mlango. Chumbani nikamkuta mbwa nisiyemjua, ameloa chapachapa, amelala ndani ya lile bonde hasa, anakoroma. Kukoroma kwenyewe, Nukta, kwa kupanda na kushuka, kama marehemu mwenyewe. Nikachukua fagio. Nikasimama nalo mlangoni. Nilisimama sana. Halafu nikaliegemeza ukutani, nikavua viatu, nikapanda upande wangu. Niliamka wateja wanagonga dirisha.

Bi Mkubwa alikuja mwenyewe baadaye. Spana nilimtoa kwenye mtaro wa maji. Karani nilimnunua wa kuchinja, akanitazama. Ndiyo hivyo. Haya, zamu yako.

Dada yako


6 Mei

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imekaa mfukoni mwangu mpaka imechanika kwenye mikunjo. Sikujua. Nilikuwa nikikuuliza kwa barua kama umekula na kama umelala, nawe ukijibu ndiyo, nami nikaweka alama ya sahihi na kuendelea. Sitakwambia tena uwagawe.

Langu ni dogo. Macho yanachoka, nimeomba mapumziko kidogo. Natembea sana. Nimegundua mjini kuna viti vingi vya kukaa kuliko nilivyodhani.

Lakini huyu fundi ni nani hasa? Nimemhesabu katika kila barua. Mbao gani hizo zinazotazamwatazamwa?

Nukta


11 Juni

Nukta mdogo wangu,

Marahaba. Usishangae mwandiko, nimemwomba fundi aniandikie kwa sababu mikono yangu ina kazi. (Habari za siku, shemeji. Mimi ndiye fundi. Mikono yake haina kazi, imeshika chai.) Huku sote tu wazima kabisa. (Amesema nisitaje habari za mguu. Kwa hiyo sijazitaja.) Sare zimekwisha, mlima mzima sasa ni kijani. Binti yangu anakusalimu, alikuwa hapa kunisaidia, amerudi kwake. Barua hii imechelewa kwa ajili ya mvua. (Mvua haijanyesha.) Meneja alikataa kula siku nilizokuwa sipo, nilipokuwa nimekwenda sokoni. (Shemeji, sokoni hawalazi watu.)

Fundi, mbona unaandika kirefu hivyo? Mimi nimesema maneno machache. (Anauliza naandika nini. Nimemwambia naweka koma.)

Hayo mapumziko yako siyaamini, lakini sitakulazimisha. Ukiwa tayari utasema. Kula vizuri. Usikae sana kwenye hivyo viti, kuna vumbi.

(Shemeji, naandika haraka, amegeukia dirishani kumfokea Spana. Kuku alitaga ndani ya kandambili. Dada yako akaivaa bila kutazama, akaruka kwa mshtuko, akaangukia meza. Mguu umevunjika juu ya kifundo, amefungwa plasta mpaka gotini. Chakula nawaletea mimi, yeye na wenzake. Lakini kitanda kiko juu mno kwake kukipanda na mguu huo, na wanyama hawataki kulala bila yeye. Wote watano wako kwenye kochi la watu wawili. Hapumziki hata kidogo. Yai lilipona.)

Dada yako, anayekupenda. (Hilo amelisema yeye mwenyewe.)


20 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nimefika kwangu salama, nikitokea kwako. Daktari amekutoa plasta? Umeanza kukanyaga? Mpe pole Karani, najua anajisikia vibaya, ingawa hakuwahi kuonyesha.

Nacheka hadi sasa nikikumbuka uliponiona mlangoni na sanduku. Hukusema karibu. Ulisema, "Nani amekuambia?" ukamgeukia fundi, naye akaanza kupima mlango ambao hakuna aliyemwomba aupime. Sijamuuliza bado kwa ruhusa ya nani ananiita shemeji.

Kuna mengine hukuyaona, kwa sababu wewe ulikuwa kochini na mguu umepandishwa juu ya mito. Uliniamuru nilale kitandani kwako ili badala ya kukufuata wewe wanifuate mimi, upate nafasi. Mara ya kwanza nilifunga mlango. Wakakwaruza. Nikafungua kwa kuhurumia rangi ya mlango tu, si kwa ajili yao. Meneja akaingia kwenye bonde lake bila hata salamu. Spana akatembea juu yangu kutoka miguuni hadi kichwani, akarudi, kama anayenisoma. Bi Mkubwa akaikalia miwani yangu. Nikajiambia nitavumilia mpaka upone. Asubuhi Karani akaniita sikioni, to, to. Maisha yangu yote nimeamshwa na saa ya mezani. Saa haikutazami usoni kuona kama kweli umeamka.

Baada ya hapo nilianza kujikunja mwenyewe ili Meneja apate nafasi. Ile siku uliyouliza kwa nini natembea nimepinda, sikuwa na maumivu ya mgongo ya zamani kama nilivyokwambia.

Na ile siku nyingine. Nilikuwa naosha vikombe, wewe unafumua mshono, ukaniuliza bila kuinua macho, "Kiwanda wamekifunga lini?" Nikasema, "Machi." Ukasema, "Basi pitisha kitambaa na hapo juu ya jiko." Dada, nilikuwa nimeibeba habari hiyo miezi yote kama mtu aliyebeba sufuria la maji ya moto, na wewe ukanionyesha pa kuliweka.

Nimerudi huku kuchukua cheti changu cha utumishi na kuwaaga wenzangu wachache. Nyumba iko kama nilivyoiacha. Kikombe kiko pale pale nilipokiweka. Hakuna aliyekiangusha, hakuna aliyekilamba. Naamka nikiwa nimelala pembeni kabisa mwa kitanda, nimewaachia nafasi watu ambao hawapo.

Nilipokuandikia uje huku, niliandika kana kwamba wewe ndiye unayehitaji mtu wa kukaa naye. Isome tena barua hiyo, ila safari hii isome kana kwamba umeniandikia wewe.

Sijui niulizeje. Ile stoo yako ya vitambaa, nyuma ya chumba cha cherehani, imejaa sana? Yule mwalimu mkuu wa shule ya mlimani, aliyekuja kuchukua sare zilizobaki, aliniambia maktaba ya shule haina mtu, vitabu viko kwenye maboksi. Naweza kufanya kazi hiyo hata nikifumba macho. Lakini ukiona nitawabana, sema bila kunionea aibu. Nitaelewa.

Nukta


9 Septemba

Nukta mdogo wangu,

Marahaba. Plasta imetoka. Mguu umetoka mwembamba na mweupeweupe kama wa mtu mwingine, lakini unanibeba. Natembea na fimbo, kwa mwendo wa bata. Mjukuu amesimama bila kushikwa, akapiga makofi kujipongeza, akaanguka. Mwalimu mkuu amekuulizia mara mbili.

Stoo ilikuwa imejaa. Nilianza kukujibu siku barua yako ilipofika, lakini nikaona kwanza niihamishe, ndiyo maana umesubiri. Fundi alibeba vitambaa vyote, akapaka chokaa, akafungua dirisha lililokuwa limezibwa, akakuundia kitanda. Nilipokiona nikamwambia, "Fundi, huyu ni mtu mmoja." Akasema, "Nimeshadanganywa hivyo katika nyumba hii." Ni kipana, Nukta. Kimekaribia kugusa kuta zote mbili.

Tukaweka godoro. Ile fulana yako uliyoisahau chumbani kwangu nikaitundika kwenye msumari juu ya kitanda hicho, nikijua utaitafuta. Siku hiyo hiyo nami nikarudi kitandani kwangu, kwa mara ya kwanza tangu nivunjike mguu. Nilikuwa nimekingoja kitanda changu kama mtoto anavyongoja sikukuu.

Niliamka jua limeshaingia chumbani. Mguu wangu ulikuwa umenyooka kutoka kona hadi kona. Mto wote ulikuwa wangu. Sikio halikuwa limedonolewa. Mteja alikuwa mlangoni akiita mpaka sauti imekauka. Nikashika fimbo nikaenda kuwatafuta, nikidhani lango limeachwa wazi.

Wote walikuwa kwenye kitanda chako kipya. Spana alikuwa ameiangusha fulana yako kutoka kwenye msumari, na wamelala juu yake wote wanne, Meneja kwa mapana kama kawaida. Nikawaita kwa majina. Meneja akafungua jicho moja, akaniona, akalifunga. Bi Mkubwa akageukia ukuta. Nikaleta mkate. Wakaja, wakaula mkate, wakarudi kwako.

Nilicheka mpaka nikakaa chini pale mlangoni. Lakini kitandani kwangu, Nukta, nililala peke yangu kwa mara ya kwanza tangu ile mvua ya sokoni, na niliweza. Lile bonde lipo, nililipapasa kwa mkono, nikageuka upande wa pili nikalala. Sikujua kama ningeweza. Naona sasa nimejua.

Kuhusu fundi. Ana neno anataka kukuambia, wewe kama ndugu yangu, na amekataa kuliandika. Anasema mambo mengine hayafai kwenye mabano. Mimi langu nimeshamjibu. Utasikia lake ukifika, na nakuomba usimhoji sana kuhusu mbao.

Umeniuliza kama tutabanana. Tutabanana, mdogo wangu. Utapigwa mkia usoni, utakuta unyoya kwenye chai, na siku utakayotaka kunyoosha miguu kutakuwa na mtu ameshainyoosha yake. Nafasi yako wameishika hao wanne tangu juzi na hawamruhusu mtu kuisogelea, hata mimi mwenye nyumba.

Njoo. Lete sanduku lote, na vitabu, na kile kikombe cha pili. Usibakize huko kitu cha kukurudisha.

Dada yako